Kutu ya Wembe na Kutu ya Moyo

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake na kila anayefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.



Makala hii inahusu wembe. Sikusudii hizi nyembe nyembamba za dukani zinazotumika mara mbili tatu na kutupwa. Nakusudia wembe wa kinyozi wa zamani, ule wenye ubapa mmoja mrefu unaokunjwa ndani ya mpini wake wa pembe au wa mfupa. Huenda nyumbani kwenu, iwe Buyenzi hapa Bujumbura au Nyamirambo kwa jirani zetu, uko mmoja wa marehemu babu. Umefungwa kitambaa, umelala chini ya sanduku, na kutu imeupanda kutoka nchani mpaka kwenye shina. Asiyejua akiuona husema huu umekufa, utupwe. Anayejua huuchukua, huugeuza kwenye mwanga, hupitisha kucha yake juu ya ubapa, kisha husema: ngoja kwanza.

Mtu atauliza, wembe na gazeti la wanafunzi wa Kiislamu vinahusiana nini? Vinahusiana sana. Katika Hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametaja mambo matano ya fitra: tohara, kunyoa nywele za sehemu za siri, kupunguza masharubu, kukata kucha na kunyonyoa nywele za kwapa. Hilo la pili kwa Kiarabu linaitwa istihdad, na neno hilo limetoka katika hadid, yaani chuma. Maana yake ni kutumia chuma, na chuma chenyewe ni wembe. Anas bin Malik (R.A.) naye amepokea, kama ilivyo katika Sahih Muslim, kwamba Waislamu waliwekewa muda katika mambo hayo, yasiachwe zaidi ya siku 40. Tena mtoto wetu hunyolewa siku ya 7, na mwenye kuhiji hutoka katika ihramu kwa kunyoa au kupunguza, na Mtume (S.A.W.) aliwaombea wanaonyoa kwa kurudiarudia kabla hajawaombea wanaopunguza. Kwa hiyo wembe umeingia katika dini yetu kwa mlango wa twahara, tangu mtu anapozaliwa.

Na chuma kina sura yake katika Qur'ani, Suratul Hadid, sura ya 57. Wengi tunaijua aya yake ya 25, ambamo Mwenyezi Mungu anatukumbusha kuwa ameteremsha chuma, na ndani yake mna nguvu kali na manufaa kwa watu. Lakini rudi nyuma kidogo mpaka aya ya 16. Hapo walioamini wanaulizwa kama wakati haujawafikia wa nyoyo zao kunyenyekea kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu, na wanaonywa wasiwe kama waliopewa Kitabu kabla yao, ambao muda uliwarefukia, nyoyo zao zikawa ngumu. Zingatia jambo hili: aya haikutaja dhambi fulani kubwa waliyoifanya siku fulani. Imetaja muda. Muda ulikuwa mrefu, basi.

Wembe wa babu nao hakuna aliyeuharibu. Hakuna aliyeupiga nyundo wala kuutupa motoni. Uliachwa tu. Nyembe nyingi za zamani zilitengenezwa kwa chuma kigumu cha kaboni, ambacho hunoleka vizuri sana, lakini hakina kinga dhidi ya maji kama chuma cha vijiko na sufuria za siku hizi. Tone dogo la maji likibaki ubapani baada ya kunyoa, hewa na maji vinakila chuma taratibu. Hata mvuke wa bafuni unatosha, hata jasho la kidole. Wembe wa kinyozi anayefanya kazi kila siku ni nadra kupata kutu nzito, kwa sababu kila siku unafutwa, unapakwa mafuta na kupitishwa kwenye ukanda wa ngozi. Kutu hupenda kilichosahauliwa.

Sasa tuje kwenye neno ambalo makala hii imelifuata. Katika Suratul Mutaffifin, aya ya 14, Mwenyezi Mungu anaeleza hali ya wanaozikanusha aya zake, kwamba yale waliyokuwa wakiyachuma yamezifunika nyoyo zao. Kitendo kilichotumika hapo ni raana, na wafasiri wamekieleza kwa kutu au ukungu unaotanda juu ya kitu mpaka ukakizidi nguvu. Imepokewa kutoka kwa Hasan al-Basri kuwa hiyo ni dhambi juu ya dhambi mpaka moyo unakuwa kipofu. Na katika Hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) iliyopokewa na Tirmidhi, ambaye amesema ni hasan sahih, na ikapokewa na Ibn Majah pia, Mtume (S.A.W.) ameifafanua aya hiyo mwenyewe. Mja akikosea huwekwa doa jeusi moyoni mwake. Akiacha, akaomba msamaha na kutubu, moyo wake husuguliwa ukang'aa. Akirudia, doa huongezeka mpaka linaufunika moyo wote.

Neno la Kiarabu lililotumika hapo kwa kusugua ni saqala, na ni neno la mafundi. Ndilo walilotumia wanaong'arisha panga na vioo, maana vioo vya zamani havikuwa vya kigae kama vyetu, vilikuwa bamba la chuma au shaba lililosuguliwa mpaka likaonyesha uso. Ndiyo maana Imam Ghazali katika Ihya anaufananisha moyo na kioo, na Ibn al-Qayyim naye anasema moyo hupata kutu kwa mambo mawili, mghafala na dhambi, na husafishwa kwa mawili, istighfari na dhikri. (Kuna riwaya nyingine mashuhuri sana mimbarini inayosema nyoyo hupata kutu kama chuma. Maana yake nzuri, ila wanavyuoni wameidhoofisha sanad yake. Hatuna haja nayo, ile ya Tirmidhi inatutosha.)

Waliosikia maneno haya zamani walikuwa wakiona fundi akifanya kazi. Khabbab bin al-Aratt (R.A.), mmoja wa waliosilimu mwanzo kabisa, alikuwa mhunzi Makka, na alipokwenda kudai malipo yake kwa al-As bin Wail, aliambiwa hatalipwa mpaka amkanushe Muhammad. Sisi tuko mbali na karakana. Tunasikia "moyo unasuguliwa" tukadhani ni maneno matamu tu. Kwa hiyo naomba tuuchukue ule wembe wa babu tuufanyie kazi kweli, tuone kusugua ni nini.

Jambo la kwanza ni kuutazama kabla ya kuugusa. Si kila weusi ni kutu. Chuma cha zamani huota rangi ya kijivu au ya moshi kwa sababu ya umri, na rangi hiyo haikili chuma. Fundi mwenye busara huiacha. Kutu ni ile nyekundu, yenye vumbi, inayoacha alama kidoleni. Nimewaona vijana wengi waliotubu kikweli, wameacha pombe au wameacha uhusiano wa haramu, na miaka miwili baadaye bado wanajiona wachafu kwa sababu wanakumbuka. Kumbukumbu ya dhambi inayokuumiza si dhambi. Hiyo ni rangi ya chuma kilichopita mengi. Shetani akishindwa kukurudisha kwenye kosa atakushughulisha na doa lake, usugue mchana na usiku mpaka uchoke na uache kila kitu. Soma Suratuz Zumar, aya ya 53, uone ni akina nani wanaokatazwa kukata tamaa na rehema. Ni wale waliojidhulumu wenyewe, tena wamepita kiasi.

Baada ya kutazama, wembe hupakwa mafuta mepesi, ya cherehani kwa mfano, ukalala nayo usiku kucha ili kutu ilegee. Asubuhi unafuta, na kitambaa kinatoka chekundu. Hatua hii ni rahisi na watu wanaipenda, kwa sababu matokeo yanaonekana haraka. Kisha makali yanafunikwa kwa utepe wa gundi, ubapa unalazwa juu ya ubao tambarare, na unaanza msasa wa maji, ule mweusi wa kulowesha. Unaanza na namba 400 au 600 kulingana na hali ya kutu, unakwenda 800, 1000, 1500, 2000, kadiri namba inavyopanda ndivyo msasa unavyokuwa laini. Unasugua kutoka kwenye mgongo wa wembe kuelekea kwenye makali, hurudi kinyume, maana ukirudi kinyume msasa utakatika na kidole nacho kitakatika.

Hapo ndipo wengi wanapoachia njiani. Msasa wa kwanza unaondoa kutu lakini unaacha mikwaruzo. Wembe unaonekana mbaya kuliko ulivyokuwa, umekosa hata ile heshima ya uzee. Kazi ya msasa wa pili ni kuondoa mikwaruzo ya wa kwanza, na wa tatu ya wa pili. Ukiruka namba moja kwa haraka zako, mikwaruzo ya chini itabaki, na utakuja kuiona mwishoni kabisa, wakati umeshapaka dawa ya kung'arisha. Lazima urudi nyuma.

Mwanafunzi anayerejea kwenye dini hupita hapo hapo. Wiki ya kwanza ya kusali sala zote tano ni tamu. Wiki ya tatu anagundua kwamba hasira yake iko pale pale, macho yake hayajatulia, Alfajiri imekuwa nzito kuliko mlima, na marafiki wa zamani wanamcheka. Anasema: afadhali nilivyokuwa, angalau sikuwa mnafiki. Ndugu yangu, hiyo ni mikwaruzo ya namba 400. Haikuletwa na sala. Imeonekana kwa sababu kutu iliyokuwa juu yake imeondoka.

Kuna njia ya mkato, nayo ni mashine. Karakana ina jiwe la umeme la kusagia, lina gurudumu la kitambaa la kung'arishia, dakika tano tu wembe unawaka kama kioo. Mafundi wa nyembe wanaiogopa, na wanaoitumia hufanya hivyo kwa tahadhari kubwa, kwa sababu ubapa wa wembe karibu na makali ni mwembamba mno na hupata moto upesi. Chuma kigumu kikipata moto kupita kiasi hubadilika rangi, kwanza manjano ya majani makavu, kisha buluu, na ikifika buluu, kwenye nyuzi 300 hivi, ugumu wake umeondoka. Wembe huo utang'aa maisha yake yote, na hautanyoa tena vizuri, kwa sababu makali yake hayadumu. Kuna hasara nyingine pia. Nyembe za zamani za Solingen kule Ujerumani au Sheffield kule Uingereza mara nyingi zilichorwa ubapani jina la mtengenezaji au mapambo. Mashine haijui hayo. Inafuta kutu na inafuta jina.

Nasema haya nikifikiria yale tunayoyaona kila mwaka vyuoni. Kijana anaingia katika dini kwa moto wa siku kumi. Ramadhani inamkuta anakesha, anafunga midomo kwa kila mtu, anatupa picha, anavunja urafiki, anampigia mama yake simu kumwambia kuwa maulidi aliyohudhuria miaka 50 yote ni bure. Anang'aa. Ukimtazama utasema Mashaallah. Ifikapo Mfungo Nne hayumo msikitini. Alichochoma si kutu peke yake. Alichoma na ugumu wa chuma, ile subira aliyokuwa nayo, na amefuta na maandishi aliyochorwa na wazazi wake, adabu, haya, kumwamkia mkubwa. Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Bibi Aisha (R.A.) katika Bukhari na Muslim, amefundisha kuwa amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu japokuwa ni ndogo. Msasa wa mkono ni polepole, lakini kidole chako kiko pale pale kwenye chuma, kinahisi joto likipanda, na unapumzika.

Sasa tuseme juu ya mashimo, na hapa ndipo ningependa tukae zaidi.

Kutu ikikaa sana hainyami juu tu. Inachimba. Unapoiondoa unakuta vitobo vyeusi vidogo ndani ya chuma, kama ndui. Vikiwa katikati ya ubapa havina madhara makubwa, ni sura tu. Vikiwa kwenye makali, ni jambo jingine kabisa, kwa sababu makali yatakatikakatika pale penye kitobo na wembe utachana ngozi ya mtu. Dawa ya kung'arisha haizibi kitobo. Unaweza kuisugua wiki nzima, utapata kitobo kinachong'aa. Hapo hakuna njia isipokuwa kuliondoa hilo kali lenyewe kwenye jiwe la kunolea, kulisaga mpaka upite kitobo na kufika kwenye chuma kizima. Wembe utapungua upana. Ni gharama, na hakuna wa kuilipa ila chuma chenyewe.

Katika dhambi zetu yapo ya juu na yapo yaliyochimba. Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin ameeleza walivyosema wanavyuoni: dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake, isiyohusu haki ya mtu, toba yake ina masharti matatu, aiache, aijutie, na aazimie kutoirudia. Ikihusu haki ya mtu huongezeka sharti la nne, ajitoe katika haki hiyo. Ikiwa ni mali, airudishe. Ikiwa ni heshima ya mtu, amwendee amtake radhi.

Sitaki tulipite hili haraka, maana ndilo sharti tunaloliruka. Tunapenda istighfari kwa sababu ni nyepesi ulimini. Elfu moja kwa tasbihi, baada ya Isha, na moyo unahisi umepoa. Lakini ile simu uliyoiuza ukijua betri yake imekufa, mnunuzi bado anayo. Ile pesa ya mchango wa safari ya wanafunzi iliyobaki mikononi mwako muhula uliopita, ikaliwa kidogo kidogo kwenye chakula na vocha, wenyewe bado wapo, tena wengine wako safu moja nawe siku ya Ijumaa. Ile tasnifu uliyomwandikia mtu kwa malipo, au uliyoandikiwa. Yule msichana uliyemposa, ukamkalisha miaka mitatu akikataa wengine, kisha ukaondoka bila hata kuwaaga wazazi wake. Ile habari uliyoituma kwenye kundi la simu juu ya ndugu yako bila kuihakiki, ikafika mpaka nyumbani kwao. Haya ni mashimo kwenye makali. Elfu moja ya istighfari juu yake ni dawa ya kung'arisha juu ya kitobo.

Na tazama aya ya kutu imo katika sura gani. Imo katika Suratul Mutaffifin, sura inayofunguliwa kwa kuwatisha wanaopunja vipimo, wakipimiwa hutaka kamili na wakiwapimia watu hupunguza. Sikubaliani na anayeisoma aya ya 14 peke yake akaifanya somo la huzuni za moyoni tu. Sura yenyewe imeanza sokoni, kwenye mizani, kwenye mali ya watu.

Kwa hiyo toba ya namna hii inagharimu. Utapunguka upana. Utakwenda kwa mweka hazina wa jumuiya umwambie: kiasi fulani kilikuwa kwangu, nitalipa kwa mafungu matatu kila nipatapo buruse. Ataweza kukudharau. Au utamtumia aliyenunua simu pesa ya tofauti, bila maelezo marefu. Aliyekosewa kwa heshima yake, kama kumweleza kutaleta fitina kubwa zaidi, wanavyuoni wengi wamesema mwombee dua, mtaje kwa wema mbele ya wale wale uliomchafua mbele yao, na muulize sheikh unayemwamini juu ya suala lako hasa. Lakini pesa haina dua. Pesa hurudishwa. Asiyejulikana alipo, wala warithi wake, ndipo hutolewa sadaka kwa niaba yake. Tunaijua Hadithi ya muflisi katika Sahih Muslim, mtu anayekuja Siku ya Kiyama na sala na saumu na zaka, lakini amemtukana huyu, amekula mali ya yule, wakagawiwa mema yake mpaka yakaisha. Huyo alikuwa ameng'ara vizuri sana.

Nimetaja kung'aa mara nyingi, na lazima niseme wazi: kung'aa na kukata ni vitu viwili. Unaweza kupata wembe unaojitazama ndani yake ukaona kope zako, na haunyoi unywele mmoja. Makali hayatoki kwenye dawa ya kung'arisha. Yanatoka kwenye jiwe, wembe ukilazwa bapa kabisa, mgongo na makali vyote viwili vikigusa jiwe, mara nyingi, bila kukandamiza. Kisha kwenye ukanda wa ngozi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata, maana yakitangulia utakata ngozi na kuyaharibu makali. Kazi hii haionekani. Mtu akiutazama wembe kabla na baada ya kunolewa haoni tofauti yoyote. Atakayeijua ni anayenyolewa.

Katika Hadithi ya Thawban (R.A.) kwa Ibn Majah, wametajwa watu watakaokuja na mema meupe kama milima ya Tihama, yakafanywa vumbi, nao ni ndugu zetu, wanasimama usiku kama tunavyosimama, ila wakibaki peke yao na yaliyoharamishwa huyavunja. Sisi wa kizazi hiki tunabaki peke yetu kila usiku, na mfukoni tuna kioo kidogo chenye kila kitu ndani yake. Mlango wa chumba cha hosteli ukifungwa, saa sita usiku, hapo hakuna amiri wa jumuiya wala dada wa darsa. Sisemi hivi kumtisha mtu aliyeshindwa jana. Aliyeshindwa jana akalia yuko kwenye jiwe la kunolea. Namsemea aliyeridhika, ambaye kanzu yake na hotuba zake zimemtosha.

Tena makali ni amana. Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Shaddad bin Aws (R.A.) katika Sahih Muslim, amefundisha kuwa Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila jambo, hata anayechinja anoe kisu chake na ampumzishe mnyama. Kisu butu ni dhuluma kwa mbuzi. Daktari mvivu wa kusoma, mhandisi aliyepita mitihani kwa kunakili, mwalimu asiyejiandaa, hawa ni visu butu mikononi mwa watu wazima. Na kwa kuwa tuko kwenye wembe wenyewe: ukiufufua wembe wa babu, uwe wako peke yako. Usimwazime mwenzako wa chumbani wala usiazime wa mtu. Homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi hupita kwa damu ndogo isiyoonekana, na kinyozi asiyebadilisha wembe kwa kila mteja msikubali awaguse, hata akiwa imamu wa msikiti wenu.

Baada ya kazi yote hiyo matunzo ni mepesi mno, mpaka yanashangaza. Osha, kausha vizuri, hasa pale kwenye msumari wa mpini ambapo maji hujificha, paka tone la mafuta, usiufungie unyevuni. Nusu dakika. Mtume (S.A.W.) katika Hadithi waliyoafikiana Bukhari na Muslim amezifananisha sala tano na mto ulio mlangoni kwa mtu, anaoga humo mara tano kwa siku. Naye mwenyewe, aliyesamehewa yaliyotangulia na yatakayofuata, amesema katika Hadithi ya al-Agharr al-Muzani kwa Muslim kwamba huomba msamaha mara 100 kwa siku, kwa sababu ya utando mwepesi unaopita juu ya moyo wake. Wanavyuoni wamesema huo si kutu ya dhambi. Lakini tazama alivyoufuta haraka.

Nimalizie kwa wembe mmoja ambao umo ndani ya Sahihul Bukhari. Khubayb bin Adiy (R.A.) alitekwa baada ya tukio la ar-Raji' akauzwa Makka kwa watoto wa al-Harith bin Amir, ambaye Khubayb alikuwa amemuua siku ya Badri. Walimnunua ili wamuue kwa kisasi. Akakaa kwao mateka, amefungwa pingu za chuma, akijua anachongojea. Ulipokaribia wakati, aliomba kwa mmoja wa mabinti wa al-Harith aazimwe wembe. Alitaka kujisafisha, ile istihdad tuliyoianza nayo, ili akutane na Mola wake akiwa twahara. Yule mwanamke akampa. Mara mtoto wake mdogo akatambaa bila yeye kuona, mpaka akafika kwa mateka. Alipogeuka alimkuta mwanawe amekaa juu ya paja la Khubayb, na wembe uko mkononi mwake.

Fikirini nyumba ile. Mtu anayeuawa kesho, na mjukuu wa adui yake mapajani, na makali mkononi. Mama akashtuka mshtuko ambao Khubayb aliuona usoni pake. Akamuuliza kama anaogopa kuwa atamuua mtoto. Hakuwa mtu wa kufanya hivyo. Mtoto akaondoka salama. Baadaye mwanamke huyo alikuwa akisimulia kuwa hajapata kuona mateka bora kuliko Khubayb, na kuwa siku moja alimkuta anakula kishada cha zabibu, naye yuko kwenye pingu, na Makka wakati huo haikuwa na matunda.

Walimtoa nje ya Haram wamuue. Akaomba waache asali rakaa mbili. Akazisali, hakuzirefusha, akawaambia kuwa lau wasingedhani anaogopa kifo, angeongeza. Yeye ndiye aliyeanzisha suna ya rakaa mbili kwa Muislamu anayeuawa akiwa mateka.

Wallahu a'lam.